Kupunguza Gharama za Kila Siku Nyumbani: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na katibu wa chama cha msingi mbele ya wanachama, au kusomwa na kikundi cha kujifunza chenye watu wachache waliokaa pamoja wakiwa na kalamu na daftari. Madhumuni yake ni mawili. La kwanza ni kuonyesha njia nyepesi ambazo nyumba ya mkulima wa mlimani inaweza kuzitumia kupunguza gharama zake za kila siku bila kuwanyima watoto chakula wala kuwavunjia wazee heshima. La pili ni kuonyesha kwamba gharama hizo ndogo, ambazo aghalabu hudhaniwa kuwa jambo la faragha la mume na mke, ndizo zinazoamua kama kahawa ya mwanachama itafika katika ghala la chama au itaishia mikononi mwa mtu mwingine.

Bei zote zilizotajwa katika hesabu za somo hili ni za mfano. Katibu aziondoe na kuweka bei za duka la kijiji chake mwenyewe, kisha wanachama wafanye hesabu upya.

1. Kahawa huvunwa kwa msimu, tumbo hudai kila siku

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo, mavuno ya kahawa huanza kiasi cha mwezi Julai na kumalizika kuelekea Desemba. Malipo ya awali hupatikana mkulima anapopeleka kahawa yake chamani. Malipo yanayofuata hungoja hadi kahawa ikobolewe na kuuzwa. Lakini chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya mtoto havina msimu. Hapo ndipo ugumu wa maisha ya mkulima wa kahawa unapoanzia: fedha huingia kwa mafungu machache na hutoka kwa matone mengi.

Tena mafungu hayo huingia wakati ule ule ambao matumizi hupanda. Mwezi Desemba watoto na ndugu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea vihambani kwa Krismasi, na kila nyumba hupenda kuwapokea kwa furaha. Mwezi Januari shule hufunguliwa. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za umma hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na nauli ya mwanafunzi bado vinanunuliwa na mzazi. Mwezi Machi masika yanaanza, mahindi ya ghalani yamepungua, na kahawa iliyo mtini bado ni kijani. Kuanzia hapo hadi mavuno mapya nyumba nyingi huishi kwa daftari la mwenye duka.

Deni la dukani halina ubaya likiwa dogo na likilipwa kwa wakati. Ubaya wake huja linapokua hadi mwenye nyumba akakubali kulipa kwa kahawa ambayo haijaiva. Desturi hiyo ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini haiko mahali pamoja tu. Katika mkoa wa Kagera imekuwa na jina lake maalumu, butura, na viongozi wa mkoa huo wameipiga vita kwa miaka mingi. Hesabu yake yafaa kutazamwa kwa utulivu.

Ichukuliwe kwamba nyumba fulani imefikisha deni la shilingi 120,000 mwezi Mei, na mdai amekubali kulipwa mwezi Septemba kwa kilo 40 za kahawa kavu, yaani shilingi 3,000 kwa kila kilo. Msimu unapofunguliwa chama kinatoa malipo ya awali ya shilingi 5,000 kwa kilo. Kilo zile 40 zingeleta shilingi 200,000. Kwa hiyo mwanachama amelipa shilingi 80,000 juu ya deni la shilingi 120,000 kwa muda wa miezi minne, yaani theluthi mbili ya deni lenyewe. Zaidi ya hayo amepoteza haki ya malipo yanayofuata, kwa sababu kahawa hiyo haikuandikwa kwa jina lake.

Chama nacho kimepoteza kilo 40. Nyumba 50 zikifanya hivyo, chama kimepoteza kilo 2,000, na gharama za ghala, mizani, mlinzi na karani zinabaki zile zile, zikigawanywa kwa kilo chache zaidi. Kila kilo iliyobaki hubeba mzigo mkubwa zaidi, malipo ya wanachama waaminifu hupungua, nao huanza kushawishika kuuza nje ya chama. Hivyo ndivyo robo ya sukari iliyokopwa mwezi Aprili inavyoweza kudhoofisha chama mwezi Oktoba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika jambo hili matanga ni ya kijiji kizima.

2. Daftari la nyumba

Hakuna awezaye kupunguza asichokijua. Hatua ya kwanza, kabla ya kukata gharama yoyote, ni kuandika. Daftari la kawaida la shule lenye kurasa 48 latosha kwa mwaka mzima. Kila ukurasa utiwe mistari minne: tarehe, fedha iliyoingia na ilikotoka, fedha iliyotoka na ilikokwenda, baki. Kila jioni mtu mmoja wa nyumba aandike. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hiyo, naye atajifunza hesabu zenye maana kuliko zile za ubaoni.

Mwezi mmoja ukiisha, matumizi yagawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo nyumba haiwezi kuishi bila hayo. Fungu la pili ni yanayohitajika lakini yanaweza kupunguzwa au kupatikana kwa njia nyingine. Fungu la tatu ni yale ambayo yakiachwa hakuna atakayeumia. Wengi waliozoea kuandika hushangaa kwamba fungu la tatu halina kitu kikubwa hata kimoja. Lina vitu vidogo vingi. Shilingi 100 kwa siku ni shilingi 36,500 kwa mwaka. Shilingi 500 kwa siku ni shilingi 182,500.

Jambo moja la mila ya mlimani halina budi kusemwa hapa waziwazi. Kwa desturi ya zamani kahawa ilikuwa mali ya baba, na ndizi na maziwa vilikuwa mali ya mama. Fedha za kahawa zilipokelewa na mwanamume chamani. Fedha za ndizi zilipatikana na mwanamke katika masoko kama Mwika, Marangu Mtoni na Kiboriloni. Nyumba ikawa na mikoba miwili isiyofahamiana. Matokeo yake ni kwamba baba hajui kuwa sabuni, chumvi na daftari la mtoto vimekuwa vikilipwa kwa mikungu ya ndizi mwaka mzima, na mama hajui malipo ya kahawa yalikuwa kiasi gani. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kupanga. Si lazima mikoba iunganishwe, lakini daftari liwe moja, na lisomwe na wote wawili mwishoni mwa kila mwezi.

3. Hasara ya kipimo kidogo

Mtu mwenye fedha kidogo hununua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo hulipa bei ya juu. Mwenye duka hafanyi dhuluma. Anahesabu kazi ya kufungasha, mfuko, na kinachomwagika. Lakini hasara ni ya mnunuzi. Mfano wa nyumba ya watu sita ni huu.

Sukari: kilo moja ni shilingi 3,000, na robo kilo ni shilingi 850. Robo nne ni shilingi 3,400. Tofauti ni shilingi 400 kwa kilo. Nyumba ikitumia kilo moja kwa juma, kwa majuma 52 hasara ni shilingi 20,800.

Sabuni: mche mzima ni shilingi 3,000, na kipande, ambacho ni sehemu ya sita ya mche, ni shilingi 600. Vipande sita ni shilingi 3,600. Tofauti ni shilingi 600. Nyumba ikitumia mche mmoja kwa majuma mawili, hasara ya mwaka ni shilingi 15,600.

Mafuta ya kupikia: lita moja ni shilingi 5,500, na kipimo kidogo, ambacho ni sehemu ya kumi ya lita, ni shilingi 650. Vipimo kumi ni shilingi 6,500. Tofauti ni shilingi 1,000. Nyumba ikitumia lita mbili kwa mwezi, hasara ya mwaka ni shilingi 24,000.

Jumla ni shilingi 60,400 kwa mwaka, na nyumba haijala wala kufua zaidi hata kidogo. Ikumbukwe kwamba deni lililotajwa katika fungu la kwanza la somo lilikuwa shilingi 120,000. Nusu ya deni lile ingeweza kuwa imetoka katika vipimo vidogo peke yake.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, siku ya malipo ya kahawa, kabla ya jambo lingine lolote, zinunuliwe bidhaa zisizoharibika za miezi mitatu: chumvi, sabuni, sukari, viberiti. Ziwekwe mahali pakavu, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja, kwani kitu kilicho tele huliwa bila kuhesabiwa. Pili, nyumba nne au tano za jirani zichange na kununua dumu la mafuta au mfuko wa sukari kwa bei ya jumla mjini Moshi, kisha zigawane kwa kipimo, mbele ya wote. Mwenye kwenda mjini kwa shughuli nyingine ndiye atumwe, ili nauli isile faida.

4. Jiko

Kuni zilikuwa zikionekana mlimani kama kitu cha bure. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili kando ya makazi, ili wananchi wapate humo kuni na majani ya mifugo. Watu wakaongezeka, miti ikapungua, na mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa hiyo siku hizi kuni za nyumba nyingi hutoka kihambani au hununuliwa, na mkaa hununuliwa daima. Kuokoa kuni ni kuokoa fedha, ni kuulinda msitu unaotunza chemchemi na mifereji, na ni kupunguza mzigo wa mgongoni mwa mama. Katika somo hili ieleweke kwamba kupunguza gharama kwa kuongeza mzigo wa mama si kupunguza gharama; ni kumhamishia mtu mwingine deni.

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha, au yanahitaji kidogo sana.

(a) Kuni zikauke. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuipasha sufuria. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa miezi michache kabla ya masika.

(b) Maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, na sufuria ifunikwe wakati wote. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi zaidi.

(c) Jiko la mawe matatu liwekewe ukuta wa udongo pande zote na mlango mmoja wa kuni, au lijengwe jiko sanifu. Joto linalopotea pembeni ndilo linalokula mzigo wa kuni.

(d) Kikapu cha kupikia kitumike. Kikapu kikubwa hujazwa majani makavu ya migomba, katikati huachwa nafasi ya sufuria, na juu huwekwa mto uliojazwa majani hayo hayo. Chakula kilichochemka huingizwa humo na kuendelea kuiva bila moto. Maharage lazima yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingizwa kikapuni, kwa sababu maharage yasiyochemka vizuri yanaweza kudhuru tumbo.

(e) Matawi ya kahawa yaliyopogolewa na matawi ya mgrevilea yasiachwe yakaoza ovyo. Ndiyo kuni za nyumba. Mwanachama apandaye migrevilea michache mpakani mwa kihamba hupata kivuli, mbao na kuni.

Nyumba yenye ng'ombe wawili au watatu zizini, na maji ya kutosha, inaweza kufikiria mtambo wa biogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimekuwa kikieneza mitambo hiyo kaskazini mwa Tanzania kwa miongo kadhaa. Samadi huchanganywa na maji, hewa yake huwaka jikoni, na kinachobaki ni mbolea nzuri ya migomba na kahawa. Gharama ya kujenga ni kubwa, kwa hiyo jambo hili lipangwe kwa akiba au kwa mkopo wa muda mrefu, wala lisifanywe kwa fedha za chakula.

Kuhusu mwanga, hesabu ni fupi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi wa siku 30. Balbu ya LED ya wati 9 kwa muda huo huo hula yuniti moja na theluthi hivi. Penye umeme, balbu za zamani ziondolewe. Pasipo umeme, taa ndogo ya jua hujilipa yenyewe kwa mafuta ya taa yasiyonunuliwa, na huuondoa moshi wa koroboi mbele ya macho ya mwanafunzi.

5. Kihamba ndicho duka la kwanza

Babu zao wanachama walipanda kihamba kwa ghorofa: mti mrefu juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, na magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga chini kabisa. Mpango huo ulikuwa wa hekima, kwa sababu kahawa ilileta fedha na vilivyobaki vilizuia fedha isitoke. Nyumba inayonunua mboga sokoni ilhali kihamba chake kina nafasi tupu inalipa faini isiyotozwa na mahakama yoyote.

Kila nyumba iwe na bustani karibu na jiko, hata kama ni hatua tano kwa tano, na imwagiwe maji yaliyooshea vyombo na mboga. Mnafu, sukuma wiki, mchicha, nyanya na vitunguu vitokane na hapo. Mgomba na mabaki yake hulisha ng'ombe; ng'ombe hutoa maziwa na samadi; samadi hurudi kwenye mgomba na kahawa. Mwanachama anayetunza samadi yake chini ya paa, isioshwe na mvua wala kukaushwa na jua, hupunguza mbolea ya kununua. Vivyo hivyo, anayepanda miche ya kahawa inayovumilia chulebuni na kutu ya majani, iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungu, hupunguza dawa za kunyunyizia.

Hasara kubwa zaidi ya chakula hutokea katika mahindi ya mashamba ya tambarare. Wengi huyauza mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa kuogopa dumuzi, mdudu yule aliyeenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata wakulima wakampa jina la Scania. Miezi michache baadaye hununua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kama mifuko ya kinga njaa. Mahindi makavu yakifungwa humo barabara, wadudu huimaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Sharti ni mahindi yawe makavu kweli. Kipimo chake ni rahisi: punje chache zitiwe katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, chupa itikiswe, kisha iachwe itulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini, mahindi yako tayari.

6. Sherehe, michango na simu

Somo la namna hii likinyamaza kuhusu sherehe, litakuwa limeficha nusu ya daftari. Harusi, ubatizo, kipaimara na matanga ni mambo ya heshima na ya ujirani. Hakuna anayeweza wala anayepaswa kuyafuta. Lakini ubaya umeingia pale ambapo kipaimara cha mtoto mmoja hugharimu zaidi ya shule yake ya mwaka, na mzazi hukopa ili asionekane mnyonge mbele ya jirani ambaye naye alikopa.

Jambo hili haliwezi kutatuliwa na nyumba moja, kwa kuwa nyumba itakayoanza peke yake itasemwa. Litatuliwe na ukoo, mtaa au kikundi kwa kauli moja. Watoto wa ukoo wanaopata kipaimara siku moja wafanyiwe karamu moja. Kiwango cha juu cha mchango wa harusi kiwekwe na kutangazwa. Kwa misiba, vikundi vya kufa na kuzikana viimarishwe, ili mchango mdogo wa kila mwezi uchukue nafasi ya mkopo wa ghafla. Na kuhusu pombe, atakaye kunywa mbege kwa kiasi katika sherehe ana desturi upande wake. Anayekunywa bia za chupa kila jioni ana hesabu dhidi yake, na daftari litamwonyesha.

Simu ya mkononi imerahisisha mengi, lakini nayo huvuja. Kutoa fedha kwa wakala mara nne kwa mafungu madogo aghalabu hukatwa zaidi kuliko kutoa mara moja. Kila nyumba iulize viwango vya makato, iandike gharama ya simu katika daftari kama inavyoandika sukari, na ipange siku moja ya kutoa fedha.

7. Mkopo

Itakuwapo siku ambayo hata nyumba iliyojipanga itahitaji kukopa. Hapo swali la kwanza lisiwe "Nitapata wapi upesi?" bali "Nitalipa kiasi gani kwa jumla?" Kuna wakopeshaji ambao mikopo yao watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. SACCOS yenye leseni, ambayo mwanachama ana hisa na akiba zake humo, hutoa masharti yaliyoandikwa na yanayosomeka. Lakini anayeweza kukopa huko ni yule aliyeanza kuweka akiba kabla ya shida. Kwa hiyo fungu la akiba litengwe siku ya malipo ya kahawa, si mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hakuna kilichobaki.

8. Wajibu wa chama

Ushirika wenyewe ulizaliwa katika daftari la dukani. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa vitambaa, walifungua duka dogo baada ya kuchanga polepole pauni moja kila mmoja. Waliuza unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Masharti yao yalikuwa magumu: bidhaa safi isiyochanganywa, kipimo kamili, na hakuna kukopesha. Faida iligawanywa kwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Walikataa kukopesha kwa sababu walijua kwa uchungu kwamba mwenye deni dukani hana uhuru wa kuchagua bei.

Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujiunga mwaka 1925 katika chama cha wapanda kahawa kilichojulikana kama KNPA, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa. Wao waliungana katika kuuza, si katika kununua. Lakini mkulima anayepata bei nzuri ya kahawa na kuipoteza katika bei mbaya ya sukari amebaki pale pale alipokuwa.

Hata hivyo historia inatoa onyo. Mapema mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi nchini kabla vijiji havijawa na mtaji, wahasibu wala usafiri wa kuendesha maduka yao. Bidhaa zikawa adimu, na operesheni ilisimamishwa baada ya muda mfupi. Mwezi Mei mwaka huo huo vyama vikuu, pamoja na KNCU, vilivunjwa. KNCU haikurudi hadi mwaka 1984, baada ya sheria mpya ya mwaka 1982. Fundisho ni hili: duka la ushirika halijengwi kwa amri. Hujengwa na wanachama wanaojua hesabu zao.

Kwa hiyo chama kisikimbilie kujenga duka. Kianze na ununuzi wa pamoja wa bidhaa mbili au tatu tu, siku ya malipo, kwa orodha iliyosainiwa na kwa fedha taslimu. Katibu asome hesabu yake mkutanoni: fedha iliyochangwa, bei iliyonunuliwa, nauli, na baki. Ikiwa wanachama wataridhika kwa misimu miwili, ndipo wazungumze juu ya duka.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji hiki ni miezi gani madeni ya dukani huwa makubwa, na kwa nini?
2. Fanyeni upya hesabu ya sukari, sabuni na mafuta kwa bei za duka lenu. Hasara ya mwaka ni kiasi gani kwa nyumba moja? Kwa nyumba zote za wanachama?
3. Je, kahawa huuzwa ikiwa mtini katika eneo lenu? Ni shida gani hasa huwasukuma watu kufanya hivyo, na chama kingeweza kuizuia kwa njia gani?
4. Ni gharama gani ya sherehe ambayo wote wanaiona kuwa kubwa mno lakini hakuna anayethubutu kuianza kuipunguza?
5. Ni kazi gani ya kupunguza gharama inayoweza kumwongezea mama mzigo, nayo igawanywe vipi?

Kazi ya kufanya

Kila mwanachama aandike daftari la nyumba kwa siku 30, mume na mke wakishirikiana. Katika mkutano unaofuata asitakiwe mtu kutaja mapato yake. Ataje tu gharama moja aliyoigundua ambayo hakuijua, na jinsi alivyoipunguza. Katibu aorodheshe majibu hayo ubaoni, na yale yaliyofaa nyumba nyingi yabandikwe penye mizani ya kahawa, mahali ambapo kila mwanachama atapita msimu utakapofunguliwa.